Neno Moja kwenye Daftari la Boila

Kila siku kengele ya shule ilipolia, Chiriku hakwenda nyumbani. Alikata njia nyuma ya hospitali, akapita uani ambako mashuka yalianikwa safu kwa safu, akaingia chumba cha boila. Hilo jina la Chiriku hakuzaliwa nalo. Alipewa na akina mama wa chumba cha kufulia, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alianza kusema tangu mlangoni, na hata akishaondoka, walidai, masikio yao yaliendelea kumsikia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Baba yake alikuwa fundi wa boila. Boila ni pipa kubwa la chuma linalochemsha maji mpaka yawe mvuke, na mvuke huo husafiri ndani ya bomba nene hadi kwenye mashine za kufulia na zile za kuua vijidudu kwenye vyombo vya upasuaji. Baba aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Alikuwa na geji za presha na za joto, lakini alichokiamini zaidi ni mgongo wa mkono wake wa kulia. Aliusogeza karibu na bomba bila kugusa, kama mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto, kisha akakuambia kama ndani kuna mvuke mkavu au mvuke uliochanganyika na maji. Chiriku alikuwa bado hajamwona akikosea.

"Mvuke ukipoa hurudi kuwa maji," baba alimfundisha. "Maji yakilala ndani ya bomba, siku moja mvuke utayakuta humo, na hapo hapakaliki. Ndiyo maana tuna Kikojozi."

Kikojozi lilikuwa bomba dogo, nene kama kidole gumba, lililoning'inia chini ya bomba kubwa mahali palipobonyea, mwisho wa ujia ulio nyuma ya chumba cha kufulia. Kazi yake ilikuwa kudondosha maji nje mchana kutwa, na kwa sababu hiyo mafundi walimpa jina ambalo hakuna mtoto anayependa kuitwa. Kikojozi mzima huwa wa moto. Akiwa baridi wakati boila inafanya kazi, ujue ameziba na maji yanajikusanya. "Nyumbani kikojozi akiacha kukojoa tunafurahi," baba alipenda kusema. "Hapa akiacha, tunakimbia."

Kwa kanuni za hospitali, mtoto hakutakiwa hata kuvuka mlango wa chumba cha boila. Lakini mama alishona sare mjini mpaka jioni, nyumbani hapakuwa na mtu, na tangu goti la baba lilipoanza kumsumbua, safari ya mwisho ya kumpima Kikojozi ilikuwa ya Chiriku. Hatua themanini kwenda, themanini kurudi. Alisogeza mgongo wa mkono kama alivyofundishwa, akarudi, akaandika kwenye daftari neno moja: MOTO au BARIDI. Baba alitia saini. Asubuhi bomba zima huwa limepoa, na hakuna mkono unaoweza kujua kama Kikojozi ameziba. Kwa hiyo baba alisoma neno la jana jioni, kisha ndipo akafungua vali, koki kubwa inayoruhusu mvuke kuingia bombani. Kwa miezi mitano neno hilo lilikuwa MOTO.

Alhamisi moja ilinyesha mvua ya kumwagika. Chiriku alikuwa amevaa raba nyeupe alizoletewa na shangazi yake, siku ya kwanza kabisa. Saa kumi na moja alisimama mlangoni akautazama ujia. Ulijaa matope yanayofika kwenye kifundo cha mguu. Akazitazama raba. Jana Kikojozi alikuwa wa moto, juzi alikuwa wa moto, mwezi uliopita vivyo hivyo. Basi akasimama pale pale chini ya paa, akahesabu taratibu hadi mia moja na sitini, akarudi ndani na kuandika MOTO.

"Vipi Kikojozi?" baba aliuliza, macho yake kwenye geji.

"Moto, baba."

"Ahsante, mama," baba akasema, kwa maana ndivyo alivyozoea kumwita binti yake. Akatia saini.

Usimcheke Chiriku, wala usimlaani. Wewe na mimi tuna raba zetu nyeupe, ila tu hazijatufikisha pabaya.

Kesho yake asubuhi, wanafunzi wakifagia madarasa, ulisikika mshindo mzito kutoka upande wa hospitali, kama lori lililomwaga vyuma barabarani. Mwalimu wa zamu alisimama. Chiriku aliangusha ufagio na kukimbia. Hakuna aliyemwita arudi.

Kona ya bomba la mvuke, si mbali na vali, ilikuwa imepasuka. Baba alikuwa bado ameishika vali mvuke ulipofumuka, na angeweza kuruka nje. Lakini nyuma ya ukuta akina mama wanane wa chumba cha kufulia walikuwa wanaanza kazi, na mvuke ulikuwa unawaelekea. Aliizungusha vali mpaka ikafunga. Aliifunga kwa mkono wa kulia, ndani ya mvuke wenyewe, ndipo akaanguka. Akina mama wote wanane walitoka salama.

Daktari alimweleza mama ukweli wote bila kuuzungusha. Mkono ungebaki, vidole vingeweza kushika kijiko, lakini ngozi ya mgongo wa mkono huo isingehisi tena joto wala baridi. Mama alijikaza kisabuni mbele ya daktari, na alipofika kwenye ngazi akakaa chini akalia.

Chiriku alinyamaza. Hakusema kwenye chakula, hakusema darasani, hakusema uani. Akina mama wa kufulia walikuja kutoa pole, na mmoja wao akamshika kidevu. "Chiriku wetu kanyamaza?" Mama akajibu kwamba ni mshtuko, utapita. Kumbe ndani ya kifua cha mtoto yule neno moja lilikuwa linazunguka usiku na mchana, na kila alipofungua kinywa aliogopa litatoka lenyewe. Zile raba alizisukuma chini ya kitanda, nyuma ya sanduku.

Hospitali iliunda kamati ya kuchunguza ajali. Katibu wa hospitali, mwanamume mpole aliyependa karatasi zilizonyooka, ndiye aliyeiongoza. Kamati ilisoma daftari, ikaona Kikojozi alikuwa wa moto jioni ile. Kwa hiyo bomba halikuwa na maji ya kutosha kuleta madhara. Kwa hiyo fundi alifungua vali kwa pupa. Baba alisema kutoka kitandani kwamba alifungua kama siku zote, kidogo kidogo, huku akihesabu mpaka sitini. Katibu aliandika maneno hayo, lakini kalamu yake ilionyesha wazi kwamba hayamwingii.

Hapo ndipo shangazi alipoingia. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mhandisi wa chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa kukokotoa kwa kompyuta jinsi maji na mvuke vinavyokwenda pamoja ndani ya mabomba. Aliiomba kamati imruhusu kuipigia hesabu ajali ile. Alisema wazi kwamba fundi ni ndugu yake, na akataka kila namba ikaguliwe na mwenzake asiyemjua fundi huyo hata kwa sura. Kamati ikampa hadi Jumatatu.

Jumamosi alimchukua Chiriku kazini kwake, kwa kuwa mama alikuwa wodini. Chumba kilikuwa kidogo, feni ikigeuka kwa uvivu, kompyuta tatu zikivuma juu ya meza. Kwenye kioo cha ile ya katikati palikuwa na mchoro wa bomba refu lenye kona na mbonyeo. Sehemu ya chini ilikuwa na rangi ya buluu, ya juu nyeupe.

"Ndilo bomba letu?" Chiriku akauliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

"Ndilo. Buluu ni maji, nyeupe ni mvuke. Nimelikata vipande."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bomba zima ni kubwa mno kulielewa kwa mkupuo. Nimelikata kwa hesabu, vijumba laki mbili. Kila kijumba nakiuliza: una maji kiasi gani? Kikijaa maji matupu kinajibu moja, kikijaa mvuke mtupu kinajibu sifuri, na vingine viko katikati, nusu au robo. Nakiuliza una joto gani, una presha gani, unakwenda kasi gani. Kisha kila kijumba kinamwangalia jirani yake: unanisukumia nini, nami nikusukumie nini? Muda unasogea kidogo, kabla hata hujapepesa jicho, halafu maswali yanaanza upya."

"Mara ngapi?"

"Mamilioni. Ndiyo maana nina kompyuta. Kwa kalamu ningezeekea kwenye kijumba cha kumi."

Chiriku alikaribia kutabasamu. Shangazi akabonyeza kitufe, na mvuke mweupe ukaanza kuingia polepole upande wa kushoto. Buluu iliyokuwa chini ilitetemeka kidogo, kama maji ya beseni linalosogezwa. Mvuke ukapita juu yake, ukafika konani, ukakata kona, ukaenda zake.

"Umeona? Hakuna kilichovunjika," shangazi akasema. "Nimeweka yale yaliyo kwenye daftari. Kikojozi wa moto, maji kidogo, vali ikifunguliwa kwa kuhesabu sitini. Nimeirudia mara kumi na nne. Ili kona ivunjike, lazima vali ifunguliwe kwa mkupuo mmoja."

"Lakini baba amesema alihesabu."

"Nimemsikia."

"Kompyuta inasema baba ni mwongo?"

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, ingawa haikuwa na vumbi. "Inasema hivi viwili haviwezi kuwa kweli pamoja, maneno ya baba yako na maneno ya daftari."

Chiriku alikisogelea kioo. Aliitazama ile buluu nyembamba. "Si ungeweka tu maji mengi, shangazi? Wewe ndiye unayeandika."

"Naweza, na peke yangu nimejaribu. Kona ikavunjika. Lakini nitaiambia nini kamati? Kwamba nilitamani? Nikijaza namba ninazozitamani ili ndugu yangu apone, hiyo si hesabu tena, ni ramli. Kikojozi mwenyewe tungemuuliza, lakini alikatika, akafagiliwa pamoja na vyuma vingine." Alivaa miwani. "Kompyuta haina mkono wa kusogeza karibu na bomba, mwanangu. Inaamini kile inachoambiwa."

Chiriku alifungua kinywa. Kisha akakifunga, akaomba maji ya kunywa. Naomba ujue kwamba alikuwa tayari kusema. Ila woga ulimtangulia kufika ulimini.

Jumapili, saa ya kuwaona wagonjwa, walikwenda wodini wote wawili. Baba alikuwa amelalia ubavu, mkono uliofungwa bandeji ukiwa juu ya mto. Shangazi alimweleza taratibu kile ambacho kompyuta ilisema. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Daftari linasema moto?" akauliza.

"Ndiyo, na saini ni yako."

Baba alimtupia Chiriku jicho, mara moja tu, kisha akaangalia dari. "Kama limeandikwa moto, alikuwa wa moto. Basi, dada, waambie wasihangaike. Huenda nilifungua haraka. Nimelala hapa siku tisa nikihesabu, na sasa sikumbuki kama nilifika sitini au nilidhani tu nimefika. Miaka kumi na tisa. Labda mkono ulishachoka, nami sikutaka kuona."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayerudisha ufunguo ambao si wake tena. Hilo Chiriku hakuliweza. Angestahimili baba akiitwa mwongo na watu wengine, lakini si baba kuanza kujiona mwongo mwenyewe.

"Ulihesabu, baba," akasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Ulifika sitini. Ni mimi sikwenda."

Shangazi aligeuka. Baba hakugeuka.

"Alhamisi sikwenda kwa Kikojozi. Kulikuwa na matope, nilikuwa na raba mpya. Nilisimama mlangoni nikahesabu hatua za kwenda na kurudi, halafu nikaandika. Sijui kama alikuwa wa moto. Sijui, baba. Sikwenda."

Akaanza kulia kwa kwikwi. Baba alifumba macho. Hakusema haidhuru, kwa sababu ilikuwa imedhuru, na wote watatu waliuona mkono pale juu ya mto. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaacha kutafuna. Kisha machozi yalimtoka baba pembeni ya jicho, yakaingia sikioni.

"Kwa hiyo nilihesabu sitini," akasema polepole. "Mkono wangu haukunidanganya."

Akaunyosha mkono wa kushoto, akamvuta binti yake mpaka kichwa chake kikatua kifuani, na wakalia pamoja mpaka muuguzi alipopiga kengele ya kumaliza saa ya wageni.

Shangazi hakungoja kesho. Jioni ile ile, jua likiwa bado juu, alimchukua Chiriku na fundi bomba wa hospitali hadi kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya karakana. Walipekua karibu saa nzima. Chiriku ndiye aliyemwona Kikojozi, amejikunja chini ya bati, na fundi bomba akamkata kwa msumeno. Ndani yake kutu ilikuwa imejikusanya ikawa ngumu kama jiwe. Hata sindano isingepita.

"Hii si ya siku moja," fundi bomba akasema. "Lakini iliposhikana, ilishikana. Alhamisi jioni huyu lazima alikuwa baridi."

Asubuhi ya Jumatatu shangazi aliirudia hesabu, Kikojozi akiwa ameziba, na mwenzake aliikagua namba kwa namba. Chiriku aliomba kuiona. Safari hii buluu ilikuwa imejaa hadi nusu ya bomba. Mvuke uliingia polepole, kwa kuhesabu sitini. Ulipita juu ya maji, ukayainua, yakawa wimbi. Wimbi likagusa paa la bomba, njia ikaziba, na mvuke uliokuwa nyuma ukalisukuma donge lile la maji kwa nguvu zake zote hadi kwenye kona. Pale konani vijumba viligeuka vyekundu, ishara ya chuma kuvunjika. Shangazi alitaka kuizima, lakini Chiriku akamshika mkono. Alitazama hadi mwisho, kwa maana alijua karibu na kona ile nani alikuwa amesimama.

Mbele ya kamati Chiriku alisimama na kusema mwenyewe, kwa kinywa chake. Katibu alimsikiliza, akakiangalia kipande cha Kikojozi juu ya karatasi zake zilizonyooka, na kwa mara ya kwanza hakujali kwamba kutu inazichafua. Baba aliondolewa lawama ya kufungua vali kwa pupa. Alipewa onyo kali kwa kumwachia mtoto kazi ya mtu mzima, na akalipokea. Alisema ni haki. Kuanzia siku ile, Kikojozi mpya alipimwa na watu wazima wawili, kila mmoja akiandika lake. Lakini fundi ambaye mkono wake hauhisi joto hawezi kukabidhiwa boila. Baba alihamishiwa stoo, akawagawie wenzake spana kwa mkono wa kushoto.

Hakuna aliyempiga Chiriku. Hilo lilimwelemea kuliko fimbo. Siku baba aliporudi nyumbani, Chiriku alizitoa raba chini ya kitanda, akaziweka mbele ya baba sakafuni na kusema hazitaki tena.

"Zivae," baba akasema. "Zivae mpaka zichakae. Raba hazina kosa. Kaa hapa." Chiriku akakaa. "Sikiliza, mama. Mimi nami nina langu: nilikupa mzigo usio wako kwa sababu ya goti langu, na nimeshalisema mbele ya watu. Lako ni hili. Hukuandika uongo kwa ubaya, uliandika kwa sababu ulidhani unajua jibu. Ungeandika 'sijakwenda, kuna matope', ningenung'unika kidogo, nikachukua mwavuli na kwenda na goti langu bovu. 'Sijui' ni jibu la kweli. Mtu akiliona anakwenda kuangalia. Lakini neno la uongo likishaandikwa, kila mtu anajenga juu yake: mimi nilijenga, kamati ikajenga, hata kompyuta ya shangazi yako ikajenga. Ulichelewa kusema, lakini ulisema palipokuwa pagumu zaidi, na umenirudishia jina langu. Mkono haurudi. Tutakaa na yote mawili."

Mama alileta chai, akaiweka mbele ya baba, akarudi jikoni. Baba, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, alisogeza mgongo wa mkono wa kulia karibu na kikombe. Akangoja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kisha akauondoa mkono, akamtazama binti yake.

"Moto au baridi?"

Chiriku alisogea. Aliuweka mgongo wa mkono wake karibu na kikombe, hakuharakisha, akausogeza upande wa pili, akangoja tena.

"Vuguvugu, baba."

"Ahsante, mama."

Baba hakuuliza mara ya pili. Akainua kikombe kwa mkono wa kushoto, akanywa.